Mji Huchaguliwa kwa Saa

Baba yangu alikuwa mtumishi wa reli, na miji yote aliyoishi aliletewa kwa barua. Barua ya uhamisho ikifika, mama alifunga vyombo kwenye makasha, sisi watoto tukaaga shuleni, na nyumba nzima ikapanda treni. Tabora tulipelekwa. Kigoma tulipelekwa. Dar es Salaam, alikostaafia, tulipelekwa vilevile. Sikumbuki hata jioni moja wazazi wangu wakijadiliana ni wapi pazuri pa kuishi. Swali hilo lilikuwa la ofisi. Kazi yao ilikuwa kuitikia na kufunga mizigo.

Hawakuwa peke yao. Mkonge ulipoingizwa nchini mwaka 1893 ukastawi, ulivuta watu kutoka Kigoma, Songea, Rungwe na hata Burundi, wakaja kukata majani katika mashamba ya Tanga na Morogoro wakiitwa manamba. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kandokando yake watu wakajenga palipokuwa na stesheni na karakana. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1909, alizungushwa na kazi ya ukarani wa serikali hadi Pangani, Mpwapwa na Longido. Kwa vizazi vitatu vinne kazi ndiyo iliyotuchagulia mahali, na mahali pakatupa yote yaliyobaki: majirani, wachumba, lafudhi za watoto wetu, hata makaburi.

Mimi ni wa kwanza nyumbani kwetu kupata kazi isiyouliza ninaishi wapi. Ni mkalimani wa simu. Hospitali, shule na ofisi za huduma za Marekani zikipokea mtu anayezungumza Kiswahili, hupiga simu kwenye kampuni ya ukalimani, na simu hiyo hunifikia mezani kwangu, Tanzania. Wengi ninaowasemea ni Wakongo wa Kivu na wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kabla ya kupelekwa Marekani kuanza maisha upya. Kiswahili chao nimekizoea tangu utotoni, kwa sababu nimekulia Kigoma, ambako sokoni na ufukweni Wakongo ni watu wa kila siku. Kwa hiyo ile barua iliyompeleka baba Kigoma ndiyo iliyonipa riziki ninayokula leo. Mji hukupa vitu ambavyo hukuviomba, na hukupa kupitia watu unaokutana nao. Nilikuwa nalijua hilo, na bado ilinichukua muda kuliweka mahali pake nilipoanza kutafuta mji wangu mwenyewe.

Kazi hii niliianza mwaka 2020, nikiwa Dar es Salaam. Ina masharti yake. Marekani ina sheria ya faragha ya wagonjwa ya mwaka 1996, iitwayo HIPAA, na sisi tunaosemea wagonjwa tunabanwa nayo: chumba kiwe kimefungwa, asiwepo mtu mwingine anayesikia, karatasi ya kunukulia ichanwe simu ikiisha. Juu ya sheria kuna jambo zito zaidi. Daktari anapomweleza mama namna ya kumpa mtoto dawa, neno moja likipotea ni hatari. Mtandao ukikatika katikati ya sentensi, kule kwenye chumba cha daktari wanabaki watu wawili wanaotazamana. Mtaa niliokuwa nikikaa ulikuwa na baa mbili na gereji moja, na muziki ulianza jioni, saa ileile ninayofunga mlango kuanza zamu. Mama yangu alikuwa salama kwa kaka yangu, mkataba wa nyumba ulikuwa unaisha, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakukuwa na mtu wa kuniambia niende wapi.

Vijana wengi wa Afrika Mashariki wamefika hapo leo: watengeneza programu, wahariri, wahasibu, wanaohudumia wateja wa nchi za mbali kwa kompyuta wakiwa sebuleni kwao. Wanaponiuliza ushauri huja na orodha, na orodha zote hufanana: kodi ya nyumba, hali ya hewa, intaneti, umeme, maji, uzuri wa mahali. Ni orodha ya haki, hata mimi nilikuwa nayo. Lakini kuna jambo linalopaswa kutangulia yote hayo. Kazi ya mbali hukuachia uchague mahali, ila saa haikuachii. Bado kuna ofisi mahali fulani duniani inayofungua na kufunga, na wewe unafungua na kufunga nayo.

Saa zangu ni za pwani ya mashariki ya Marekani. New York inapokuwa saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi jioni. Mwezi wa Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, nami naanza saa kumi na moja. Namaliza saa sita usiku, na msimu wao wa baridi saa saba. Anayefanya kazi na London huanza saa tano asubuhi au saa sita mchana, kutegemea msimu, na wa India huwa mezani alfajiri. Kila mmoja wao anakaa katika mji tofauti hata wakipanga nyumba moja, kwa maana mji ni ule unaouishi ukiwa umetoka kwenye kiti. Wangu mimi ni mji wa asubuhi na mchana. Ukija alasiri, kwangu umeshafungwa.

Nilianzia Zanzibar, na naipenda hadi leo. Nilipanga chumba kando ya Mji Mkongwe nikafanya zamu zangu kama kawaida. Mtandao ulikuwa mzuri. Umeme pia ulinitosha, ingawa wenyeji hawajaisahau ile miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika na Unguja nzima ikakaa gizani. Tatizo langu lilikuwa jioni. Zanzibar huamka upya jua likianza kushuka. Forodhani wavulana hujirusha baharini kutoka ukutani, wauza pweza na mishikaki huwasha majiko, wazee hukutana kwenye kahawa, familia hutoka kupunga upepo. Karibu kila nilichokipenda Unguja kilianza dakika niliyovaa hedifoni. Nilikuwa nikikisikia kupitia dirisha kwa muda mfupi kabla ya kulifunga. Asubuhi nilipokuwa huru, watu walikuwa mbioni kazini na sokoni, wenye haraka zao za haki. Rafiki yangu anayefanya kazi na wateja wa Asia alihamia huko baadaye na ananawiri. Yeye humaliza mapema, na jioni yote ni yake. Chumba ni kilekile, mtaa ni uleule, ila saa zake na zangu zimepishana.

Kutoka huko nilikwenda Iringa, nikaingia kwa kipimo kikali zaidi. Nilipanga chumba Gangilonga, mtaa wenye jina la lile jiwe maarufu, juu ya mji ulio zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni safi, na usiku ni kimya cha kweli. Hapo nilijifunza kupima mtandao kama mtu wa kazi. Wengi hupima kasi ya kupakua asubuhi, namba ikitoka kubwa wakafurahi. Simu ya sauti haihitaji kasi kubwa. Kilobiti 100 hivi kwa sekunde zinaitosha. Inachohitaji ni utulivu: sauti isicheleweshwe, isirukeruke, isidondoke njiani. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unashauri sauti ichukue milisekunde zisizozidi 150 kwa njia moja ili mazungumzo yaende bila watu kukatizana, na kutoka kwetu hadi Marekani sehemu kubwa ya muda huo inaliwa na umbali tu, kwa hiyo mtaa wako usiongeze ucheleweshaji wake. Pima saa mbili usiku, nyumba zote zikiwa zinatazama video. Pima ukiwa kwenye kona ya chumba utakachofanyia kazi, mlango umefungwa. Zima umeme kwenye swichi kuu uone ruta yako inadumu muda gani kwenye betri, halafu uliza majirani mnara wa simu ulio karibu huendelea kwa saa ngapi umeme ukikatika.

Tarehe 12 Mei 2024 ilinikuta hukohuko Iringa. Siku hiyo nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na kwa siku kadhaa mtandao wa nchi nzima ukawa wa kusuasua. Nilipata somo la manufaa. Kuna hatari ambazo hakuna mji utakaokukinga nazo, kwa sababu Iringa, Mwanza na Mtwara zote zinavuta mtandao kwa nyaya zilezile chache zinazotua ufukweni. Hizo unazikabili kwa kuwa na mwajiri aliyekwisha kuelezwa, mwenzako wa kukushikia zamu, na akiba ya pesa. Usiuhukumu mji kwa jambo ambalo lingekupata kokote. Uhukumu kwa yale yanayobadilika ukihama mtaa.

Kwa vipimo hivyo Iringa ilishinda kila kitu: kimya, maji, mtandao, kodi, hewa. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa mwalimu, mtu mwema kabisa. Asubuhi na mapema alikuwa njiani kwenda shuleni. Jirani wa kushoto alikuwa na duka mjini, wa kulia na shamba nje ya mji. Walirudi jioni, tukapishana kwenye kibaraza mimi nikiingia ndani. Tulisalimiana, “Kamwene,” tukapeana pole za kazi, mlango ukafungwa. Kuanzia asubuhi hadi alasiri mtaa ule ulikuwa wangu mimi na jogoo. Wiki zikapita, na siku moja nikatambua kuwa watu niliozungumza nao kwa kirefu tangu nifike wote walikuwa ng'ambo ya bahari, na maneno niliyowaambia hayakuwa yangu. Nilikuwa nimebeba maumivu, hofu na furaha za wengine kila usiku, na asubuhi sikuwa na mtu wa kuzungumza naye habari ya bei ya nyanya.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikitafuta. Mtu anayekwenda kazini hupewa watu bila kuwaomba: wa kwenye daladala, wa kantini, wa meza ya pili. Baba alipofariki, wenzake wa reli walifika nyumbani kabla hatujamaliza kutoa taarifa. Walisimamisha maturubai, wakachangia sanda, wakabeba jeneza. Wengine hata hawakuwa wamefanya naye kazi, walisikia tu kuwa ni mtu wa reli. Kampuni yangu ni nzuri na inanilipa kwa wakati, lakini iko ng'ambo. Haiwezi kuleta watu wa kuchimba kaburi. Mfanyakazi wa mbali akichagua mji ajiulize swali hilo bila kulizunguka: likinifika la kunifika, mlango wangu utagongwa na nani? Jibu halipatikani kwenye orodha ya kodi na hali ya hewa. Linapatikana kwa kujua nani yupo mtaani saa ambazo wewe upo.

Tanga nilikwenda vuli ya mwaka huohuo, na nilikwenda vuli kwa makusudi. Mji upimwe ukiwa kwenye hali yake ngumu, wakati mvua inanyesha, barabara za ndani zina tope na umeme unatikisika. Kiangazi kila mji ni mzuri.

Dalali aliyenipokea alikuwa kijana mchangamfu wa baiskeli, kama ilivyo desturi ya mji ule. Nyumba ya kwanza aliyonionyesha ilikuwa mpya, inajitegemea, imepakwa rangi ya krimu.

“Dada, hii ina kila kitu. Luku yako, maji ndani, fensi. Unalipa miezi sita tu.”

Hatujatoka sebuleni mvua ikashuka. Paa lilikuwa la bati na juu yetu hakukuwa na dari, ni mbao na bati tupu. Ghafla dalali alikuwa anafungua mdomo nami sisikii kitu. Nilitoa simu nikampigia rafiki yangu Dar, nikamsomea kwa sauti ya kawaida maelezo ya kopo la dawa nililokuwa nalo mkobani. “Nasikia mvua,” alisema. “Wewe sikusikii.” Nyumba nyingi tulizozunguka baada ya hapo nilizipima hivyohivyo: naangalia paa, nauliza kuna dari ya namna gani, napiga makofi katikati ya chumba nisikilize mwangwi, kisha nakaa kimya nikisikiliza kilicho nje. Ukuta mnene, paa la vigae na dirisha linalotazama uani ni mali kwa mtu wa kazi yangu kuliko vigae vya sakafuni na choo cha kisasa. Anayeandika programu huenda asijali mvua. Yeye ana mizani yake. Muhimu ni kuijua kazi yako inavunjwa na nini hasa, kisha ukakitafute kitu hicho kwa macho na masikio yako kabla ya kutoa kodi.

Nyumba niliyoipata ni ya zamani, ya kuta nene, imegawanywa sehemu mbili, na upande wa pili anakaa mwenye nyumba mwenyewe, bibi mjane. Alikuwa kibarazani anachambua mchele tulipofika.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Huyu kijana ananiambia unaingia nyumba za watu unapiga makofi. Unatafuta nyumba au unatafuta kimya?”

“Vyote viwili, bibi. Kazi yangu ni ya simu, jioni mpaka usiku wa manane, nasemea wagonjwa. Sitakiwi kusikika wala kusikia mtu.”

“Na mchana?”

“Mchana nipo.”

“Basi tutaonana,” akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Tumeonana kweli. Asubuhi ya Tanga haina pupa. Watu wa maziwa hupita na baiskeli, madumu yakigongana nyuma. Jirani wa mbele hukaanga bajia na mihogo kibarazani, na watu hula hapohapo wakizungumza. Nikitaka samaki nakwenda soko la Deep Sea mitumbwi ikiwa ndiyo kwanza imerudi, na nikirudi nao watu watatu wananiuliza nimenunua kwa bei gani. Mtaani kwetu kuna wazee wengi: wastaafu wa reli, wa bandari, wa mashamba ya mkonge, wa viwanda. Wako nyumbani, wana muda, na wana habari. Mmoja wao baba yake alikuja kama manamba kutoka Kasulu, akakata mkonge hadi uzee na hakurudi kwao. Aliposikia nimekulia Kigoma alinisalimia Kiha, nikamwitikia kwa kile kidogo ninachokijua, na tangu siku hiyo mimi kwake ni binti wa nyumbani. Yeye husimulia, mimi nasikiliza, na simulizi hiyo ni ya kwangu, si ya kuisemea.

Najua wapo watakaosema mji wa wastaafu si wa kijana mwenye kazi ya kisasa. Kwa mwenye jioni huru huenda wana haki. Atataka viwanja vya mpira, sinema, vijana wenzake, na Dar au Arusha itamfaa zaidi. Mwenye watoto wa shule ana hesabu nyingine kabisa, na mwenye mgonjwa wa figo lazima aanze na hospitali. Ninachosisitiza ni kwamba kila mmoja aanze na saa zake, kwa kuwa saa ndizo zinazoamua sehemu ipi ya mji itamfikia.

Saa hizo hazifanyi kazi upande mmoja tu. Bibi ana sukari, na kliniki yake ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Watoto wake wako Dar na Mombasa, wajukuu wako shuleni. Mwenye asubuhi ni mimi. Namsindikiza, nakaa naye kwenye foleni, daktari akimweleza namna ya kutumia dawa nasikiliza kwa sikio nililolizoeza kazini, na tukifika nyumbani namrudia maelezo yote kwa utaratibu. Kazi ninayowafanyia watu wa mbali usiku, namfanyia jirani asubuhi bila malipo, na hakuna saa ninayoiona ina thamani kuliko hiyo.

Nayo mitaa hulipa. Ramadhani ya mwaka 2025 iliangukia Machi, na magharibi hunikuta zamuni. Jioni ya kwanza nilikuwa na simu ndefu. Nilipoimaliza nikafungua dirisha la uani, nikakuta sahani imefunikwa kawa: tambi, viazi vya nazi, tende, na chupa ya uji wa pilipili manga. Mjukuu wa bibi alikuwa ameiweka na kuondoka bila kugonga. Ameshaelewa kuwa mlango ule ukifungwa kuna mgonjwa anasemewa. Mtoto wa mtaani kwetu anailinda faragha ya mtu asiyemjua, aliye upande wa pili wa dunia, kwa sababu tu anamjua anayemsemea. Sijui mwajiri gani angeweza kuniandikia hilo katika mkataba.

Kuna wajibu unaofuatana na uhuru huu, nao ningependa wenzangu waubebe kwa uzito. Tunalipwa kwa fedha za nje, na tukifika katika mji wa kodi nafuu ni rahisi kukubali bei yoyote kwa kuwa kwetu bado ni ndogo. Mwenye nyumba wa pili akisikia naye anapandisha, na anayeumia ni mwalimu au muuguzi anayelipwa na mji uleule. Uliza majirani wanalipa ngapi, ulipe hiyo. Jiandikishe serikali ya mtaa, mwenyekiti akufahamu kwa sura. Ingia kikundi cha kuweka na kukopa, toa rambirambi, hudhuria vikao vya mtaa hata vikihusu mtaro usiopita kwako. Waliokuja na mkonge na reli waliletwa na kazi, na kazi ikawajulisha kwa wenyeji. Sisi hatukuletwa na kitu. Mji haukutuita na haujui tunafanya nini ndani ya vyumba vilivyofungwa. Basi ni juu yetu kujulikana, na hilo halifanyiki kwa mtandao, hata ukiwa wa faiba.

Anayefungasha sasa namshauri aanze na karatasi moja kabla ya kutazama picha za nyumba. Achore saa ishirini na nne za siku. Atie wino zile za kazi, msimu wa joto na msimu wa baridi wa mwajiri wake, kisha zile za kulala. Zinazobaki nyeupe ndizo atakazoishi. Aende kwenye mji anaoutamani, apange chumba cha kawaida badala ya hoteli, wakati wa mvua, afanye kazi zamu zake zote kama kawaida, na katika zile saa nyeupe atoke nje akatazame: kumefunguliwa nini, anapita nani, nani amekaa kibarazani, nani anaitikia salamu na kuuliza ya pili. Mtandao, umeme na maji vimchujie miji isiyofaa. Ile iliyobaki aichague kwa watu walio macho pamoja naye, na akishawapata alipe kodi akakae, kwa nia ya kukaa.